Mama Wawili wa Wakesho

Kosa la Wakesho, kama mtu anataka kuliita kosa, lilikuwa kusema mama amekufa siku ambayo mama yake alikuwa amekufa. Kwa neno hilo alipoteza kazi ya miaka tisa, akaitwa mwongo mbele ya wapishi na walinzi, na akatolewa nje na mfuko wake wa nguo saa kumi na moja jioni, kafyu ikianza saa moja. Ukimsikia akisimulia leo, miaka imepita, bado taya linamkaza. Na ana haki ya kulikaza.

Alizaliwa Ronge, kule juu upande wa Mwatate ambako kabichi hustawi na ukungu hauishi, mtoto wa tatu wa mwanamke anayeitwa Wawuda. Alipokuwa na miaka miwili na nusu, Wawuda alijifungua pacha, na uzazi ule ukamlaza kitandani. Dada yake mkubwa, Priscilla, aliyeolewa Rukanga chini ya mlima Kasigau na ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alipanda Ronge kuja kumkanda na kumpikia uji. Siku ya kurudi kwake alimfunga Wakesho mgongoni. Ilisemwa ni wiki mbili, pacha wapate nguvu. Pacha walipata nguvu, wakatambaa, wakaanza shule, na Wakesho alikuwa bado yuko Rukanga.

Hakuna aliyeandika karatasi. Hakuna aliyekwenda kortini. Nani huenda kortini dada akimchukua mtoto wa dada? Kwa Wadawida, na kwa watu wengi wa nchi hii, dada mkubwa wa mama ni mama. Neno lenyewe, mama mkubwa, limeshamaliza kazi. Wazee walisema mtoto hakupoteza mama, aliongezewa mmoja.

Wakesho hakuliona hivyo. Wawuda alikuwa na watoto watano, akabaki na wanne, na aliyetolewa ni yeye. Hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipokua na kwenda Ronge wakati wa Krismasi, alimwamkia Wawuda kwa heshima zote, akamwosha vyombo, akamchotea maji, lakini hakumwita mama. Alimwita Mama Titus, kwa jina la kifungua mimba wake, kama majirani walivyomwita. Wawuda aliitika. Angefanya nini?

Priscilla alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyejua kubembeleza mtu. Alilima mahindi na pojo kwenye shamba ambalo ndovu waliliona kuwa lao, na miaka miwili kati ya mitatu wao ndio waliovuna. Aliwafukuza kwa debe na mwiko wa ugali, akiwatukana kwa majina ya wanasiasa. Mvua ilipokataa alisuka vikapu vya mkonge, na vikapu hivyo ndivyo vilivyomvisha Wakesho sare ya shule. Siku mwalimu mkuu alipomrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa karo, Priscilla alimshika mkono, akarudi naye, akaketi ofisini kwa mwalimu na mkonge wake na kuanza kusuka. Alisuka mpaka saa nane. Mwalimu akachoka kumwangalia, akamwambia mtoto aende darasani.

Wakesho alifika kidato cha pili, halafu ukame ukamaliza kila kitu. Ndipo aliposhuka Voi na kupata kazi ya udobi katika Hoteli ya Nyota Tatu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Jina lilikuwa la mwenye hoteli. Nyota zenyewe hakuna aliyewahi kumpa hata moja. Walilala pale madereva wa malori, maafisa wa semina, na harusi moja moja. Mashine ya kufulia ilikufa mwaka wake wa tatu na haikufufuliwa, kwa hiyo mashuka yote ya hoteli ile yalipita mikononi mwa Wakesho, kwenye karai, kwa sabuni ya kipande. Alijua doa la mchuzi halitaki maji moto na doa la damu ndiyo kabisa. Mashuka yake yalikuwa meupe hata wageni wakauliza ni mashine gani ile. Alijivunia jambo hilo, na hakumficha mtu.

Kisha ikaja korona.

Wengi wanaikumbuka korona kwa kukohoa. Wakesho anaikumbuka kwa neno moja: sheria. Wafanyakazi thelathini walipunguzwa wakabaki kumi na wawili, wakaambiwa ni sheria ya korona. Waliobaki wakaambiwa hakuna kutoka nje ya geti, mtu alale hapo hapo, mwezi mzima, ni sheria ya korona. Madereva waliokuwa wakingoja majibu ya kupimwa waliletwa kulala pale, na Wakesho akafua mashuka yao kwa jozi moja ya glavu iliyotoboka vidole viwili. Alipoomba nyingine aliambiwa huu ni wakati wa kujitolea. Hiyo nayo, nadhani, ilikuwa sheria ya korona. Ajabu ni kwamba sheria hiyo haikuwahi kumgusa mwenye hoteli. Alikuwa Mombasa, Mombasa imefungwa, naye akitawala kwa simu. Simu hiyo ilipokelewa na meneja, Thadeus.

Thadeus si mgeni. Ni Mdawida wa Mgange, amekulia Kidawida, amebatizwa kwa Kidawida. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na walikuwa wakimtazama yeye.

Wiki ya pili ya Mei, simu ilitoka Rukanga: sukari ya Priscilla imepanda, ameletwa hospitali Voi. Kutoka Nyota Tatu hadi hospitali ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na mtu akiwa na haraka ni kumi na tano. Wakesho alimwendea Thadeus.

"Meneja, mama yuko hospitali hapa chini. Naomba nimwone tu dirishani nirudi."

"Ukitoka umetoka," Thadeus alisema. "Siwezi kukurudisha ndani, utatuletea ugonjwa. Ni sheria."

"Madereva wanaingia kila siku."

"Hao ni wageni, Wakesho."

Siku tatu alifua akiangalia upande wa hospitali. Alhamisi asubuhi kaka yake Titus alipiga simu: Priscilla amefariki. Wakesho aliacha maji yakimwagika kwenye karai.

Ruhusa ya msiba ilitaka fomu, na fomu ilikuwa ya Kiingereza. Aliyeijaza ni Shanice, binti wa risepsheni.

"Pole sana, Dada Wakesho. Ni nani amekufa?"

"Mama."

Shanice akatia alama. Fomu ile ilikuwa na visanduku vinne: baba, mama, mume au mke, mtoto. Chini yake palikuwa na mstari wa ndugu wengine, na mbele ya mstari huo meneja alikuwa ameongeza kwa kalamu kwamba wakati wa korona hao hawana ruhusa. Shanice hakuuliza mama yupi. Wakesho hakufikiri kwamba kuna swali. Mtu akifiwa na mama husema mama, au aseme nini?

Kwenye mazishi yenyewe alikwenda kwa bodaboda kutoka Maungu, vumbi mdomoni. Watu kumi na tano, hapana zaidi. Naibu wa chifu alisimama na karatasi akiita majina, na jina la kwanza, chini ya neno watoto, lilikuwa Wakesho. Hakumuuliza cheti cha kuzaliwa, alimjua tangu akibebwa mgongoni. Wawuda aliitwa wa pili, chini ya neno ndugu. Jeneza lilishushwa na watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki kwa sababu majibu ya vipimo hayakuwa yametoka. Majibu yalitoka baada ya wiki, hakuwa na korona hata kidogo. Nyimbo mbili, sala fupi, watu watawanyike. Matanga yalikatazwa. Mwanamke aliyewafukuza ndovu kwa mwiko alizikwa kwa dakika ishirini na tano, na waliomwogopa ni watu ambao hawakumjua. Wakesho hakulia. Alikuwa na hasira nyingi mno, machozi yalikosa nafasi.

Aliporudi hotelini aliwekwa karantini kwenye stoo nyuma ya udobi, na siku ya nne ndipo yakatokea ya kutokea.

Wawuda alikuwa akiiuzia Nyota Tatu kabichi tangu miaka mitano nyuma. Ni Wakesho mwenyewe aliyempatia biashara hiyo, maana hasira ni hasira na riziki ni riziki. Siku hiyo alikuja na magunia yake mawili, barakoa ya kitambaa usoni, na Thadeus ndiye aliyekuwa getini na kile kibunduki cha kupima joto. Akampima paji la uso, akampa pole ya msiba, kwa kuwa alijua ni jamaa ya Wakesho, kama mtu mwenye adabu.

"Asante, baba," Wawuda alisema. "Tumemzika dada yangu. Tumbo moja."

"Dada yako? Nilidhani ni mama yake Wakesho amekufa."

Hapo ndipo mama yule alipofanya kosa lake. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ndiyo, mama yake mkubwa. Lakini alikuwa mwanamke ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini hakupata mtu wa kumwambia neno alilotaka kusema, na siku hiyo mtu mkubwa mwenye kalamu mfukoni alikuwa amemuuliza.

"Wakesho ni wangu," alisema, akiweka sawa kanga mabegani. "Mimi ndiye nimemzaa. Ni wa tatu wangu."

Thadeus aliangalia magunia, akamwangalia Wawuda, akacheka. "Kumbe marehemu ndiye anatuletea kabichi," aliwaambia walinzi. Mlinzi mmoja alicheka naye. Wawuda, ambaye hakuelewa, naye alitabasamu chini ya barakoa, na hilo, aliloambiwa baadaye, Wakesho akilikumbuka hutamani kupiga kitu.

Barua ilikuja siku hiyo hiyo: udanganyifu, kosa kubwa, aje ajitetee. Mwenye hoteli kule Mombasa alikuwa akitafuta njia ya kupunguza watu bila kuwapa haki zao, na Thadeus alikuwa amemwokotea njia getini.

Kikao kilifanyika ukumbi wa kulia chakula, viti mita mbili mbili. Wakesho aliruhusiwa mwenzake mmoja, akamchagua Mwinyihaji, mpishi mzee wa asili ya Pate, aliyekuwa Voi tangu reli ya zamani. Thadeus alivaa barakoa mbili na kusoma mashtaka kwa Kiingereza, kurasa mbili nzima, sauti ikitoka kama ya mtu aliyefunikwa na blanketi. Wakesho alishika neno hapa na neno pale. Alipomaliza, Wakesho alimjibu kwa Kidawida. Alimwambia polepole, kwa lugha ya bibi zao wote wawili, kwamba Priscilla ni mama, na kwamba yeye Thadeus anajua hivyo kama anavyolijua jina lake. Thadeus alimwangalia na kumjibu kwa Kiingereza.

"Anasema nini?" Wakesho aliuliza.

Shanice, aliyeitwa kuandika, aliinamisha kichwa. "Anasema kuna barua. Ukisaini, utapewa onyo la mwisho na utabaki kazini. Barua inasema ulidanganya, na kwamba aliyekufa alikuwa shangazi yako."

"Shangazi?"

"Imeandikwa aunt. Si ni shangazi?"

"Shangazi ni dada ya baba," Mwinyihaji alisema, taratibu, kama anamfunza mtoto kuhesabu. "Dada ya mama ni mama. Mkubwa au mdogo, ni mama. Huo ndio Uswahili, nao Uswahili haukupatikana jana."

"Mzee, wewe uko hapa kusikiliza," Thadeus alisema, na safari hii Kiswahili kilimtoka vizuri sana.

Karatasi ikasukumwa mbele ya Wakesho, na kalamu juu yake. Alikuwa na binti wa miaka minane, Aliya, aliyemwacha kwa jirani mtaani Sofia, na chumba cha kupanga, na kazi pekee aliyoijua katika mji ambao mwaka ule hakuna aliyekuwa akiajiri mtu. Sahihi moja na anabaki. Mwenye nguvu mpishe, wengi wamempisha na wanakula. Aliangalia lile neno la Kiingereza. Akaona ofisi ya mwalimu mkuu na mwanamke anayesuka mpaka saa nane.

"Mimi sijadanganya," alisema. "Na sitamkana mama ili nifue mashuka."

Hivyo ndivyo alivyotolewa na mfuko wake wa nguo. Alitembea hadi Sofia, barakoa imemlowa, akiwajibu moyoni watu ambao hawakuwepo. Wakati huo ndipo watu walipoanza kumpa pole ya shangazi, maana habari ilishatoka hotelini ikiwa imevaa nguo za Thadeus: Wakesho alisema mama amekufa, kumbe ni shangazi. Kanisani kwao mtaani, walipoanza kukusanyika tena, mwanamke mmoja alimwambia uongo wa kifo huita kifo. Wakesho alimwambia arudie. Hakurudia.

Mwinyihaji ndiye aliyemjia na neno la maana, Ijumaa moja akitoka msikitini.

"Mwanangu, hiyo korona haikufuta sheria ya kazi. Sheria ipo pale pale. Mtu hafukuzwi mpaka asomewe kosa lake kwa lugha aifahamuyo, na mwenzake awe ubavuni, nao wamsikilize wote wawili. Wewe umesomewa Kizungu ndani ya barakoa mbili, nami nikaambiwa ninyamaze. Nenda ofisi ya kazi. Usikae, una miezi mitatu, isikupite."

"Wewe umejuaje haya, mzee?"

"Nilifukuzwa Mombasa mara mbili. Ya pili nilirudi."

Wakesho alikwenda. Aliambiwa malalamiko yake yana mguu wa kusimama, lakini alete mtu anayeujua ukoo, kwa sababu mwajiri ameshaandika kwamba mama mzazi yuko hai, na ni mama huyo mwenyewe aliyesema hivyo. Basi hakukuwa na njia nyingine. Alipiga simu Ronge.

Hawakuwa wamezungumza tangu kaburini. Wakesho hakuanza kwa salamu.

"Mama Titus, ulikuwa na haja gani ya kujisifu getini?"

Wawuda akasema, "Nilikuwa sijawahi kuulizwa."

"Umenitoa kazini."

"Najua. Titus ameniambia. Nimekosa kula."

"Kukosa kula hakunirudishi kazini. Jumanne uje. Uje useme ukweli."

"Ukweli upi?" Wawuda aliuliza, na hakuwa akifanya ujeuri. Wakesho alikata simu.

Jumanne walikuwa wanne mbele ya meza ya afisa wa kazi, mwanamke mwenye sauti ya chini aitwaye Mbinya, aliyeketi nyuma ya karatasi ya plastiki iliyoning'inizwa kutoka darini. Thadeus alikuja na faili na viatu vilivyong'aa. Mwinyihaji alikuja na kofia yake ya kufuma. Wawuda aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja kungoja dawa.

Mbinya alianza na lugha. Kikao kilifanywa kwa lugha gani? Thadeus akasema mfanyakazi anajua Kiingereza, fomu yake mwenyewe ni ya Kiingereza. Mbinya akauliza fomu ilijazwa na nani. Thadeus akafungua faili, akaifunga, akasema ni karani.

"Fomu hii ina kisanduku cha mama mkubwa?"

"Hapana. Angeweka ndugu wengine."

"Na wewe, meneja, dada mkubwa wa mama yako unamwita nani nyumbani?"

Thadeus alirekebisha barakoa. Alirekebisha mara ya pili. "Mama," alisema. "Lakini hapa tunaongea sheria, madam. Kisheria mzazi ni aliyekuzaa au aliyekuasili kortini. Huyu hana karatasi ya korti. Hana hata barua ya chifu."

Wakesho alisimama. Miaka ishirini na zaidi ya uji, debe, mkonge na mgongo wa mtu, na huyu kijana wa Mgange anauliza karatasi. Mwinyihaji alimvuta gauni, akaketi.

"Kama tungekuwa tunagawa shamba la marehemu, hoja yako ningeisikiliza siku nzima," Mbinya alisema. "Hapa umemfukuza mtu kwa kudanganya. Kudanganya ni kusema jambo unalojua si kweli. Basi tuulize kama alijua si kweli." Akachukua kalamu na kumgeukia Wawuda. "Mama, nitaandika utakayosema, halafu utasaini. Huyu dada, mama yake ni nani?"

Wakesho alikaza macho ukutani, kwenye kalenda. Alijua jibu analolihitaji, na alijua ni nani atakayelilipia, na kwa mara ya kwanza tangu getini hasira yake ilikosa mtu wa kumkalia.

Wawuda alishusha barakoa ili asikike vizuri. Akaambiwa aipandishe, akaipandisha.

"Mimi nilimzaa tu," alisema. "Nilimpa dada yangu akiwa na miaka miwili na nusu. Nilisema wiki mbili. Dada alikuja kumrudisha, wiki ya tatu, nikamwambia akae naye kidogo, pacha walikuwa wagonjwa. Akaja tena. Mara ya pili mtoto alimlilia Priscilla, hakunililia mimi. Nikaona nikimtoa hapo nitakuwa mwizi. Kwa hiyo mama yake ni Priscilla, na Priscilla tumemzika. Alichoandika kwenye hiyo fomu ni kweli. Mimi ndiye niliyesema vibaya pale getini. Nilitaka kujisikia."

Mbinya aliandika mpaka neno la mwisho. Halafu alimwambia Thadeus kwamba njia ni mbili: ama barua ya kumfukuza ifutwe leo na mtu arudi kazini kwa haki zake zote, ama faili iende kortini na hoteli ikaeleze huko kwa nini ilimsomea dobi Kiingereza. Thadeus aliomba kwenda nje kupiga simu. Walimwona dirishani akizunguka uani, mkono mmoja ukipiga hewa, kisha akasimama na kuitikia, ndiyo, ndiyo, sawa. Aliporudi alisema barua imefutwa, Jumatatu aripoti. Alisema hivyo akiiambia faili yake.

"Mwambie mwenyewe," Mbinya alisema. "Kwa lugha anayoielewa."

Thadeus alimwambia kwa Kidawida. Wakesho alisikia, hakumshukuru.

Kilichobaki kilikuwa sahihi. Mbinya aliisoma taarifa kwa sauti, mstari kwa mstari, ili kila mmoja aridhike nayo. "Mimi, Wawuda, mkulima wa Ronge, nasema hivi: mimi nilimzaa tu..."

"Ngoja," Wakesho alisema. "Hiyo 'tu' itoke."

Mbinya aliinua macho. "Ni neno lake mwenyewe. Na taarifa hii imekusaidia wewe."

"Najua imenisaidia. Itoke. Huyu alinibeba miezi tisa. Ameniudhi maisha yangu yote, na ukiniuliza kesho nitakwambia bado ameniudhi, hayo ni yangu na yeye. Lakini haitaandikwa kwa serikali kwamba nilizaliwa tu. Tena mbele ya huyu." Hakumtaja Thadeus kwa jina. "Futa. Andika alinizaa, weka nukta."

Mwinyihaji aliangalia sakafu. Mbinya alichora mstari mmoja juu ya neno, akatia herufi za jina lake pembeni, akaipitisha karatasi chini ya plastiki pamoja na kalamu.

Wawuda aliipokea. Miwani yake ilikuwa imejaa mvuke wa barakoa, akawa anaisogeza karatasi mbele na nyuma, haoni pa kuandika. Wakesho alivuta kiti chake karibu, bado amenuna, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa," alimwambia. "Andika taratibu. Hakuna anayekukimbiza."